Velko Aliyeziba Sauti

Velko hakuvumilia bomba la hewa linalotoa jasho. Akiona maji yakidondoka darini, alimtukana fundi aliyemtangulia, kisha akalivika bomba upya kwa blanketi la nyuzi za kioo, mikono ikimwasha hadi Krismasi. Kuzuia joto, unyevu na kelele za viyoyozi ndiyo kazi iliyomzeesha pale mjini Vidin.

Mwaka huo alipewa kazi katika nyumba ya wazee alimolala Nedelya, mama yake, ambaye hakuweza tena kutoka kitandani. Mkurugenzi alilalamika kwamba vyumba vinasikilizana kupitia mabomba. Velko akayavika hadi ndani. Hata kikohozi hakikupita tena.

Jumapili akaenda kumtazama mama, akamkuta amejifunga kitambaa cheusi kichwani.

"Tsonka amekufa lini?" mama akauliza. "Mbona hawajabandika tangazo la kifo chake mlangoni?"

"Tsonka gani, mama?"

"Wa chumba cha pili, bwege wewe! Kila siku tulipiga soga kupitia tundu lile la hewa pale juu. Sasa namwita, kimya. Manesi wanasema yu hai, lakini wao husema hivyo hata maiti ikishatolewa."

Velko alilitazama tundu. Akatoka mbio kwenda kumwomba Tsonka walau salamu ya kumpelekea mama.

Alimkuta naye kitandani, mshumaa ukiwaka pembeni, sahani ya ngano iliyochemshwa ya matanga mapajani.

"Pole, mwanangu," Tsonka akamwambia alipojitaja kuwa mtoto wa Nedelya. "Chukua ngano kidogo, umkumbuke mama yako."