Ukurasa Niliomnyima Chebet

Juzi nilikuwa nikivika vitabu vya binti yangu majalada. Ile harufu ya karatasi ya kaki ikanirudisha Kaptembwo, mtaa niliokulia, darasa la tano, nikaona aibu peke yangu pale mezani.

Darasa letu lilikuwa na kitabu kimoja cha hadithi ambacho kila mtu alikitaka. Ndani yake, msichana mmoja alimfuata flamingo hadi chini ya ziwa, akakuta mji wa watu walioongea kwa mapovu. Ziwa lenyewe tuliliona kutoka uwanja wa shule, kwa hivyo nani angetuambia ni uongo? Mimi hata nilijaribu kuongea kwa mapovu ndani ya karai la kufulia, nikanywa maji ya sabuni.

Mwalimu alipanga foleni ya majina, kila mtu siku mbili, na sheria ilikuwa moja: kikiharibika, wa kulaumiwa ni aliyekishika mwisho. Baada yangu alikuwa Chebet, rafiki yangu wa dawati moja. Nilipomaliza, roho iliniuma kwamba yeye naye atajua mwisho. Uchoyo tu, siwezi kuupamba. Nikararua ukurasa wa mwisho, nikauficha ndani ya jalada la kitabu changu cha hesabu.

Chebet alipokirudisha, mwalimu aliona pengo.

"Ulikipata hivi?"

Chebet aliniangalia. Mimi nikainama kutafuta penseli ambayo haikuwa imeanguka.

"Ni mimi, mwalimu," akasema.

Akafutwa kwenye foleni muhula mzima, yeye aliyependa kusoma kutushinda wote. Tukienda nyumbani hakunigombeza. Aliuliza tu, "Sasa si uniambie, huyo msichana alirudi kwao?"

Ningemwambia, ningekuwa nimekiri. Nikasema, "Sijui. Hata mimi nilikipata hivyo."

"Haya basi," akasema, na hakuniuliza tena. Shule zilipofungwa, familia yao ilihamia Gilgil.

Mama alizoea kusema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika hadi leo. Kwa miaka mingi nilidhani kosa langu lilikuwa kurarua karatasi. Nilipopata mtoto wangu ndipo nilipoelewa kwamba Chebet alijua tangu mwanzo, akabeba adhabu yangu, na malipo aliyoomba yalikuwa sentensi moja.

Yule msichana alirudi, Chebet. Alifika kwao nguo zikiwa bado zimelowa, na mama yake alikuwa amemwekea chakula.