Mbwa Aliyemchefua Filda

Filda Driwaru huosha matumbo ya ng'ombe pale machinjioni Arua, na kwa kazi hiyo watu humdhania kuwa hana pua. Pua anayo, tena kali. Ila matumbo, asema, yananuka nyasi tu. Kilichomtapisha mwaka huu ni mbwa.

Alimkuta mtaroni nyuma ya machinjio, waya umezama shingoni, funza wamejaa kidondani. Filda aligeuka akatapika chai yote ya asubuhi. Kisha akajifunga kitenge puani, akakata waya, akamwaga maji ya chumvi na kuchokoa funza kwa kijiti, huku akimtukana mbwa kwa kila funza aliyetoka.

Kidonda kikafunga, harufu ikabaki. Wapangaji wenzake wakalalamika, na mwenye nyumba akasema Jumapili ikifika mbwa angali uani, Filda naye afungashe. Ikambidi amtafutie mbwa makao mapya, na upesi.

Wa kwanza kujitokeza alikuwa Acidri, fundi pikipiki.

"Mama, mimi napenda mbwa sana," alisema, amesimama mbali, mikono mfukoni.

"Kwako iko wapi?"

"Koboko, kule Midia. Twende uone."

Filda akaenda, mbwa mapajani. Walipofika, akaingia uani kwa Acidri. Mbwa wawili, mbavu nje, walikuwa wamefungwa kwa waya kwenye nguzo, wamesimama juu ya mavi yao wenyewe. Maji yao yalikuwa yameota utando wa kijani, na nzi wameelea juu yake.

"Mbwa akishiba anasahau kazi," Acidri alieleza. "Njaa ndiyo inamufanya mukali." Akanyoosha mkono wapeane, mambo yaishe.

Filda aliutazama ule mkono. "Mavi ya ng'ombe nashika kila siku," alisema. "Hii mkono yako siwezi." Akarudi Arua na mbwa wake, na njia nzima kichefuchefu hakikumwacha.

Jumamosi akaja Sephora, Mkongomani anayeuza samaki wakavu huko Inde. Alifuata matumbo machinjioni, akamwona mbwa chini ya meza ya Filda.

"Dada, huyu mutu yako ananuka," alisema, akachuchumaa. Alifunua sikio la mbwa, akang'oa kupe aliyevimba na kumpasua kwa kucha. Damu ikaruka. Akajifuta kwenye kitenge chake, akatafuta mwingine.

"Hiyo mikono ndiyo unashika nayo samaki ya watu?"

"Nitanawa. Nipatie yeye."

Mbwa akampigia chafya usoni. Sephora akajipangusa kwa kiwiko na kuendelea. Filda alitazama pembeni.

Lakini maneno matamu alikwisha kuyasikia kwa Acidri, basi akamfuata hadi Inde, mbwa kambani, ajionee. Mlangoni palikuwa na gunia safi limetandikwa.

"Atalala ndani?" Filda aliuliza.

"Sasa alale wapi, na mvua hii?"

Binti mdogo wa Sephora alikuwa akila muhogo. Alimmegea mbwa kipande, mbwa akakilamba pande zote bila kukichukua. Mtoto akakirudisha kinywani mwake, akatafuna, kisha akamkumbatia shingoni, palepale penye kovu. Mbwa akafumba macho.

Filda akaziba mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaiachia kamba.

"Chukueni," alisema, akatoka haraka kwenda kutema mate barabarani.