Maji ya Golnesa

Bi Golnesa amepiga deki uwanja wetu wa ndege, hapa magharibi mwa Irani, miaka ishirini na sita. Alianza enzi ndege inakuja mara mbili kwa wiki na ukumbi una sakafu ya udongo. Kwetu msafiri akiondoka, mama humwaga maji nyuma yake ili arudi salama, na udongo ule ulikuwa unayanywa wenyewe. Ikaja saruji. Zikaja safari za Istanbul na Dubai, na jengo jipya lenye marumaru inayoteleza kama sabuni. Sasa kina mama wanamwaga, Golnesa anafuta, kutwa nzima.

"Mwageni chai basi, angalau na mimi ninywe," huwa anawaambia.

Juzi aliondoka bintiye, Parastu, kwenda kusoma Ujerumani. Golnesa akamwaga bakuli zima. Msimamizi wetu, Sohrabi, akaja mbio.

"Mama, hata wewe? Futa! Watu watavunjika viuno!"

"Sifuti. Nikiyafuta nimemfutia mwanangu njia ya kurudi."

"Mbona ya wenzako unafuta?"

Mimi, msukuma mizigo, nikacheka, halafu nikajuta, maana uso wa Golnesa ulichoka ghafla kuliko miguu yake.

Akavuta kiti, akakaa kando ya maji. "Nayalinda mpaka yakauke. Kama ni kunifukuza, nifukuze nimekaa."

Sohrabi akaguna, akaenda kuwapitisha abiria upande wa pili. Mpaka jioni maji hayakukauka, maana kina mama wengine walidhani hapo ndipo pa kumwagia, na Golnesa hakuinuka kufuta ya yeyote.