Mti wa majani chai wa Kiprono

Leo tulienda kusaidia, tukaharibu.

Sisi wanajeshi wastaafu wa hapa Roret huwa tunafyeka makaburi ya wenzetu waliofia vitani. Leo tulikuwa kwa mamake Koplo Kiprono.

Mama alikuwa ameenda soko. Hatukumngoja.

Tukafyeka nyasi, tukapaka mawe chokaa. Kichwani pa kaburi kulikuwa na mti mmoja wa majani chai, haujachumwa kwa miaka, umerefuka kupita mingine yote ya shamba la chai lililozunguka kaburi. Sasa sisi ni wakulima, halafu jeshi lilitufunza kila kitu kikae laini moja. Nikachukua panga nikaukata ulingane na ile mingine. Wenzangu wakasema hapo sasa pamependeza.

Mama akarudi. Akasimama akiuangalia.

"Niliupanda tukimzika," akasema. "Nilikuwa nangoja ufike urefu wa mwanangu. Ulikuwa umebakisha kidogo."

"Mama, tusamehe."

"Ingieni mkunywe chai."

Tukaingia, tukanywa hiyo chai, jamani. Nyinyi mngemwambia nini?

Najua majani chai humea tena. Lakini mama amezeeka.