Kumsomea Mwalimu Programu Yake

Mwalimu wangu wa hisabati aliacha ualimu akaenda kufanya kazi kiwanda cha pamba Shinyanga, na nilipomaliza chuo nikapangiwa ofisi ya kiwanda hichohicho. Kompyuta ilikuwa moja, ikifunikwa kitambaa kwa sababu ya vumbi la pamba. Programu iliyokuwemo aliiandika yeye, na hakuna mwingine aliyethubutu kuigusa. Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea mwisho, na macho yake nayo yalikuwa yanaisha. Mimi alinitambua kwa sauti tu.

Kazi ya programu ile ni rahisi kuieleza. Pamba ilipimwa vijijini ikiwa ndani ya gunia, kisha kompyuta ikaondoa uzito wa gunia. Msimu ule yalikuja magunia mapya, mepesi. Mwalimu akabadilisha uzito ule kabla giza halijamfunika kabisa, tukaamini mambo yamekwisha.

Kisha akaja mama mmoja kutoka Ushetu, vumbi la lori bado kichwani.

“Mimi na dada yangu tumepima mzani mmoja, magunia ya aina moja,” alisema. “Ila yeye kaandikishwa kijiji cha mumewe, mimi changu. Mbona gunia langu mnalihesabu zito kuliko lake?”

Meneja akanigeukia. “Itazame hiyo programu. Mzee usimsumbue.”

Niliitazama nikashindwa. Ilikuwa kipande kimoja kirefu, toka juu hadi chini. Majina yalikuwa X1, X2, X7. Mtu huyuhuyu ndiye aliyekuwa akinirudishia daftari darasani na kuniuliza: herufi usiyoieleza, anayekusoma ataijuaje? Niliichapa kwenye karatasi, nikazunguka nazo mpaka sikuwa na ujanja tena, nikaenda mezani kwake.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Umekwama.”

“Nimekwama.”

“Nisomee.”

Nikaanza kusoma kwa sauti. Wenzetu walikuwa kwenye meza zao, na mpiga chapa akaacha kupiga.

“X7 ni nini, Mwalimu?”

Alifikiri. “Sikumbuki,” akasema. “Endelea.”

Nikaendelea. Uzito wa gunia ulikuwa umeandikwa upya kwa kila kijiji. Penye vijiji alivyovikumbuka aliubadilisha, penye vingine ukabaki wa zamani.

“Na hapo tena?”

“Na hapo tena, Mwalimu.”

Kila niliposema “tena” nilishusha sauti, kama mtu anayesoma barua ya aibu ya baba yake mbele ya wageni. Alivua miwani, ingawa haikuwa ikimsaidia kitu.

“Futa.”

“Yote?”

“Yote. Tuanze na gunia. Gunia lijue uzito wake lenyewe. Anayeutaka aliulize gunia, asijiandikie wake. Mzani upime, basi. Kijiji kijue watu wake tu. Kila kitu kikae na kazi yake, na kiitwe kwa jina lake.”

“Hivyo ndivyo tulivyofundishwa chuoni,” nikaropoka.

Akageuza uso upande wangu. “Kwa hiyo ulikuwa unajua?”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Ukaninyamazia, ng'wanawane?”

Neno hilo la Kisukuma, yaani mwanangu, lilinichoma kuliko tusi. Nikavuta kiti, yeye akasema, mimi nikaandika.

Programu mpya ilipokubali, meneja alinisifu mbele ya ofisi nzima. Nikasema kazi ile ni ya Mwalimu. Mzee akasimama ameshika ukingo wa meza.

“Asinifunikie kosa,” alisema. “Ya kwanza ndiyo yangu, na ndiyo iliyopunja watu.”

Hakuna aliyepiga makofi. Nilitamani akae chini.

Yule mama aliporudi kuchukua hati ya uzito wake uliosahihishwa, Mwalimu aliniomba nimpeleke mbele ya mama huyo. Nikamshika mkono.

“Mama, aliyekupunja ni mimi,” akamwambia. “Nilidhani nimerekebisha kote.”

Mama alimtazama usoni.

“Kumbe huoni, baba,” akasema taratibu. “Mimi nilikuwa naitukana mashine.”

Akaupokea mkono wa Mwalimu, akamsalimu upya kwa Kisukuma, wakaulizana habari za nyumbani na za mvua. Mimi nilikuwa bado nimeushika mkono wa pili. Sikuweza kuuachia, wala sikujua pa kuyaweka macho yangu.