Kompyuta yenye adabu ilivyotaka kufuta ng'ombe wa mzee, Haydom

Wakuu, salamu kwenu, na mlionizidi umri shikamooni. Haya ni ya kweli. Chumvi sijaongeza, pilipili kidogo tu.

Humu kila siku tunagombana: mfumo wa kompyuta umwache mtu afanye atakavyo, au umshike mkono kama mtoto? Mimi mnanijua, niko upande wa uhuru. Shule niliacha mapema, Linux, ule mfumo huru usiokushika mkono, nimejifunza kwa kuharibu mashine zangu mwenyewe.

Sasa sikilizeni.

Asubuhi nilitoka Nambis bila mpango. Kibarua cha kuvuna vitunguu swaumu kilikuwa kimekwisha. Nikabeba begi na laptop yangu chakavu, nikasimamisha fuso.

"Unaenda wapi?" dereva akauliza.

"Wewe je?"

"Haydom."

"Basi na mimi huko huko."

Karibu na stendi nikaona kibao: gesti na stesheneri, mlango mmoja. Mwenyewe, Mama Paskali, alikuwa ameinamia kompyuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ngoja kidogo, kuna mwenzako ananiongelesha."

Mwenzangu ni kompyuta. Ule mfumo mnaoujua wote, umewekwa Kiswahili, una adabu kupita kiasi. Je, ungependa hiki? Je, tukusaidie kile? Na mama anabonyeza Ndiyo kila mara. Kioo kimejaa hali ya hewa ya Ulaya, habari za mpira na michezo ya karata.

"Mama, mbona unakubali yote?"

"Ameuliza vizuri. Wewe ukisalimiwa unajibu hapana?"

Wakuu, mliowahi kuishi huku mnaelewa. Salamu isiyoitikiwa inajadiliwa wiki nzima.

Kabla sijaulizia chumba, akaingia mzee mmoja amejifunga shuka, fimbo mkononi. Mzee Gidamis, mfugaji kutoka Dirma. Mke wake amelazwa hospitali na anataka kutoroka kabla hajapona. Anasema ng'ombe wake watakufa bila yeye, na maneno ya mume hayaamini hata kidogo.

Kwa hiyo mzee alikwenda nyumbani, akawapiga picha ng'ombe wote. Kisha ndama akaikanyaga simu. Ikabaki memori kadi tu.

"Nitolee picha kabla ya saa ya kuona wagonjwa," akamwambia mama. "Leo nikienda mikono mitupu, kesho nampata barabarani."

Mama akachomeka kadi. Kompyuta ikaleta kisanduku chake cha adabu: kadi hii haisomeki, je, ungependa kuifomati?

Kidole cha mama kikaelekea Ndiyo.

"Mama, usikubali!" Nilipiga kelele mpaka mzee akashika fimbo vizuri. "Ukifomati, ng'ombe wote wanafutika!"

"Mbona ameuliza kwa upole hivyo?"

"Ndiyo hatari yenyewe."

Nikatoa laptop yangu kwa madaha, nikahamishia kadi humo. Nikafungua terminal, dirisha la kuandikia amri: kioo cheusi, maandishi meupe. Mpango: ninakili kadi nzima kwenye mashine, halafu picha nizitafute ndani ya nakala. Amri ni mstari mmoja. Lakini ukikosea ukageuza inakotoka na inakokwenda, kadi inafutwa na mashine haikohoi.

Mzee akachungulia. "Hii mbona haikuulizi kitu?"

"Mzee, hii inaniamini."

"Wewe? Imekufahamu lini?"

Mama akacheka mpaka akashika meza.

Nikacheka pia, ila kidole kikasita. Nikarudia kusoma ule mstari. Wakuu, nilikuwa nimegeuza! Enter moja tu, na uhuru wangu ungewamaliza ng'ombe haraka kuliko adabu ya mama.

Nikarekebisha, nikasoma tena kwa sauti, mzee akiitikia "ehee" kila neno kana kwamba anaelewa. Nikabonyeza. Tukasubiri.

Picha zikatoka. Ng'ombe wa kila rangi, na ndama mhalifu pia yupo.

Kuprinti sasa. Laptop yangu huru haikuitambua printa ya mama hata kwa kubembelezwa. Tukahamishia picha kwa yule mwenye adabu. Akauliza: je, ungependa kutumia printa hii? Mama akanitazama pembeni.

"Nimkubalie au nimkatalie, mtaalamu?"

Nikainamisha kichwa. "Mkubalie, mama."

Mzee akabeba picha zake, akaondoka mbio kwenda hospitali. Aliporudi alikuwa anacheka peke yake.

"Ameangalia moja moja. Ananigombeza, yule mweusi amekonda. Lakini amesema atabaki mpaka daktari amruhusu."

Ndipo nikaomba chumba. Nilikuwa hoi. Mama akaniuliza nataka maji ya moto? Ndiyo. Blanketi la pili? Ndiyo. Ugali na maziwa? Ndiyo mama. Akauliza na mengine, nikaitikia tu.

Nimeshajilaza, anagonga mlango: nisisahau, nimekubali kuamka alfajiri kumkamulia ng'ombe wake.

Sijawahi kukamua hata mbuzi.

Nilichojifunza: anayekuuliza kila kitu na asiyekuuliza chochote, wote wanakutegemea usome kabla ya kujibu. Nyie mko upande gani? Na mwenye kujua kukamua aandike hapa chini mapema, tafadhali.