Kompyuta Safi Mbele ya Kamati ya Msikiti

Mimi niliishia darasa la tano, lakini hapa Zinga ukitaja matofali umenitaja mimi. Msikiti wetu ulipotafuta mwenyekiti wa ujenzi, sikuona wa kushindana nami. Alikuwepo Mwalimu Hamisi tu, mstaafu mwenye kompyuta iliyojaa mafaili kama stoo.

Siku ya kujieleza mbele ya kamati nilikwenda na kompyuta na projekta yangu mwenyewe. Ukuta wa madrasa ukawaka mweupe, na alama moja tu katikati, ya kuingilia mtandaoni.

"Nimefuta programu zote," niliwaambia. "Vitu vyangu vyote viko mtandaoni. Mtu wa kisasa habebi mizigo. Mwalimu bado anabeba."

"Haya, Bwana Shomari, tuonyeshe mpango wako," alisema Mwalimu kwa upole.

Nikafungua ile alama, nikabonyeza herufi M ya "mpango" ili uje wenyewe. Sikujua kwamba kompyuta niliyoifagia vile bado inakumbuka kila nilichowahi kutafuta mtandaoni. Ikashuka orodha ukutani, maandishi makubwa kama ya bango la duka.

Imamu haoni mbali. Akamgeukia Mwalimu. "Hebu nisomee pale."

Mwalimu akavaa miwani taratibu, akasoma kwa sauti ya darasani: "Mganga wa kupata uongozi. Mganga wa uongozi anayetibu kwa simu. Mganga wa kumfunga mpinzani mdomo."

Kisha akanitazama juu ya miwani. "Huyu wa mwisho, Bwana Shomari, mbona mimi bado nasema?"